Kura ya Mkosha Maiti

Feni ya chuo cha Kurani cha mtaa ilikuwa na kawaida ya kupiga kelele, lakini siku ile ilisikika zaidi, kwa sababu jina la Bi Khamisa Ubwa lilikuwa limeshatajwa kugombea kamati na hakuna mtu aliyekohoa. Watu wa mtaa wa Birikani, nyuma kidogo ya maduka ya Mlandege, walikuja pale kusikiliza majina wanayoyajua. Jumuiya ya Stara ni jumuiya ya kujitolea. Hukosha maiti, hukata sanda, huchimba na kuzika, wala haimtozi mtu. Kazi hufanywa na kila mwenye mikono, ila kamati ni ya wanaume, tena wanaume wa nyumba tatu zilizogusana kuta.

Mwaka huu mfadhili mmoja wa ng'ambo alikubali kuinunulia jumuiya gari la maiti. Alipoletewa picha ya kamati aliuliza, kwa upole kabisa, mbona wote wamefanana, na wanawake wanaofiwa na kufa mtaani humo wanasemewa na nani. Mwenyekiti, Mzee Kificho, akalifahamu neno. Alitangaza kwamba safari hii ajitokeze mtu wa kila aina, na moyoni mwake aina ilikuwa moja tu. Alimkusudia shemeji yake, Bi Ummy, mwenye shahada yake na miwani yake, anayejua kukaa vizuri kwenye picha na asiyeuliza jambo mpaka aulizwe.

Bi Khamisa hakuwamo katika hesabu hiyo. Alikuwa mke wa Kheir fundi feni, mzaliwa wa Tumbatu aliyeletwa Birikani na ndoa, na ndiye aliyewakosha karibu wanawake wote waliokufa hapo tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Watu walimhitaji, lakini kumwona hawakupenda. Mtaa ulikuwa na mila yake isiyoandikwa popote, kwamba mkosha haendi asikoitwa. Akikujia mlangoni bila ya kuitwa, husemwa amekuja kupima sanda, na nyumba hiyo itazika. Na Bi Khamisa mwenyewe aliishika mila hiyo miaka yote. Kwa mgonjwa alipeleka salamu kwa mdomo wa mtu mwingine, na arusini alifika watu wameshakula.

"Bi Khamisa," Mzee Kificho alisema, na tabasamu lake lilikuwa la kumhurumia, "kamati ni mikutano na makaratasi. Wewe una kazi yako, na sote tunaithamini."

"Ahsante, Mzee Kificho. Kazi yangu hiyo ndiyo iliyonileta."

"Hatukuzuii. Nasema tu usije ukajichosha."

"Nshachoka zamani. Andika jina."

Aliandika. Wanawake waliokaa karibu na Bi Khamisa walivuta mabuibui yao kidogo, kila mmoja upande wake, na baina yake na wao pakabaki nafasi ya mtu mzima kulala.

Alichokitaka kilijulikana na wote. Masika yaliyopita alikufa msichana mmoja kwa uzazi, katika nyumba isiyo na ua wala nafasi ya kugeuka. Bi Khamisa alimkoshea kichochoroni, nyuma ya mashuka yaliyoshikwa na majirani. Upepo ukaja, mashuka yakanyanyuka, na juu ya paa la nyumba ya pili mafundi wa bati walikuwa wamesimama wanatazama. Bi Khamisa hakuwa na cha kumfunikia, akamlalia. Alimlalia maiti mwili kwa mwili mpaka upepo ulipotua. Alirudi nyumbani nguo zimemganda, akamwambia mumewe kwamba wanawake wa Birikani wanataka chumba cha kukoshewa. Nyuma ya msikiti jumuiya ilikuwa na kiwanja kitupu. Kamati ilikuwa imekwisha kumwahidi Matar, mfanyabiashara wa vigae, akifanye ghala. Bi Khamisa alikitaka kiti kwa ajili ya chumba kile, na hakutaka kingine.

*

"Wenzako washaanza kupita mlango kwa mlango," Kheir alisema. Alikuwa kibarazani na feni ya mtu imefumuliwa mbele yake. "Bi Ummy anagawa kalenda."

"Mimi sina kalenda."

"Una miguu."

Binti yao, Tahiya, alikuwa akipanga vileja, vibiskuti vya unga wa mchele, kwenye sinia. Alipika vya maulidi na vya arusi, na jina lake lilikuwa linaanza kujulikana. Aliacha kupanga. "Baba, mama hapiti majumbani. Wewe unajua."

"Nnaujua upuuzi wa watu."

"Si wa watu peke yao. Mama mwenyewe haendi. Alipoumwa Bi Mwanaidi, nlikwenda mimi."

Bi Khamisa alikuwa akifunga mtandio mbele ya kioo. "Niliuvumilia upuuzi wao kwa sababu ulikuwa haunidhuru, mwanangu. Nikisema siendi, nani atanipa kura? Wale niliowakosha? Wale hawapigi kura."

Tahiya hakucheka. Alikwenda akavaa buibui lake, kwa kuwa hakutaka mama yake aende peke yake.

Walianza baada ya alasiri. Nyumba ya kwanza redio ilikuwa ikiimba walipofika mlangoni; Bi Khamisa alipopiga hodi ikazimwa, na nyumba nzima ikanyamaza, hata jiko. Walingoja, wakaondoka. Ya pili mwanamke alifungua, akawasikiliza amesimama, mkono ameufunika juu ya kichwa cha mwanawe kana kwamba mvua inanyesha. Ya tatu walikaribishwa chai. Bi Khamisa aliinywa yote na kushukuru, na walipofika pembeni walisikia gilasi ikivunjwa msalani. Haikuanguka. Ilipigwa, kisha vipande vikapigwa tena.

"Turudi," Tahiya alisema.

"Bado kwa Bi Shemsa."

Bi Shemsa alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye sauti ya kumrudisha muuza ndizi akiwa ameshafika Darajani. Aliufungua mlango wote. "Khamisa, wewe? Ingia. Umekuja kunipima?" Akacheka mwenyewe, akanyanyua mikono na kujizungusha katikati ya ukumbi, taratibu, mbele ya binti zake na majirani waliokuwapo. "Nipime basi. Lakini sanda yangu mkate jora zima, msije mkaniacha miguu nje."

"Nimekuja kuomba kura, Bi Shemsa."

"Unayo. Na za hawa unazo. Mimi yule mtoto wa watu kuchunguliwa na mafundi bati haijanitoka moyoni. Wanaokukimbia waambie mwosha naye huoshwa, basi wanakimbia nini?"

Bi Khamisa alitoka pale uso umemkunjuka. Njia nzima alimsifu Bi Shemsa, na Tahiya akaanza kuamini kwamba mambo yatakuwa.

*

Bi Shemsa alikufa Alhamisi, kabla ya adhuhuri, akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. Presha, walisema. Hakuwa na miaka sitini.

Bi Khamisa aliitwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Wanawake walimpisha kwenye ngazi kwa kujibana ukutani. Maiti alikuwa bado na joto, na mdomo wake ulikuwa umefunguka upande mmoja, vile vile kama alivyocheka siku mbili nyuma. Bi Khamisa aliufunga kwa kitambaa, na kila alipougeuza mwili kitambaa kililegea na kicheko kikarudi. Binti mkubwa wa marehemu ndiye aliyekuwa akimpokeza maji. Akaacha kupokeza.

"Alikwambia umpime," binti alisema. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Akajizungusha. Na wewe ulimtazama."

"Alikuwa anafanya mzaha, mwanangu. Na presha yake sote tulikuwa tunaijua."

"Mbona ulimtazama kutoka juu mpaka chini?"

Ni kweli alimtazama hivyo. Jicho lililofanya kazi moja miaka ishirini na kitu halingojei kutumwa. Alinyoosha mkono akachota maji mwenyewe. Walipofika kwenye sanda, alikata jora zima, na ilitosha kwa tabu.

Baada ya siku ile mtaa ulibadilika. Bi Khamisa akipita, redio zilizimwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo ukimya ulikwenda mbele yake ukamfungulia njia mpaka Mlandege, na nyuma yake kelele zikarudi. Vizingiti vikawekwa ndimu na chumvi za kukinga balaa. Ubani ulichomwa mchana. Picha yake ya kugombea, iliyobandikwa ukutani mwa chuo pamoja na za wengine, haikuchanwa na mtu, na upepo ulipoibandua pembe moja kuna mkono uliokuja ukaipaka gundi upya. Picha ya Bi Ummy ilichorwa masharubu.

Na kura zikaanza kuja zenyewe. Madirisha yalifunguliwa kidogo, kiasi cha mdomo kupita. "Bi Khamisa, kwetu usijisumbue kuja, kura unayo." "Sisi ni watu wako, tangu zamani, huna haja ya kupanda ngazi." Mzee mmoja aliyepata kumwita Mtumbatu mchawi mbele ya kadamnasi alimkimbilia njiani, akasimama mbali, akamwapia kwa Mungu kwamba kura za nyumba yake yote ni za Bi Khamisa.

"Utashinda," Kheir alisema.

"Wananitupia kura kama wanavyomtupia mbwa mkali mfupa."

"Kura ni kura. Chumba hakitauliza zimetoka moyo gani."

Tahiya aliingia na sinia ya vileja kichwani. Alikuwa amevipeleka nyumba ya arusi, vimelipwa kabla. Hawakutaka pesa warudishiwe, wala vileja hawakuvitaka. Walimwambia wamepata vingine. Aliviweka mezani, akakaa navyo uso kwa uso, na machozi yakamtoka bila ya sauti. Bi Khamisa aliona uchungu mkubwa, mkubwa kuliko wa gilasi, kuliko wa ndimu. Alichukua kileja kimoja akala, kisha cha pili, ili mtoto aone kwamba kuna mtu anayekula.

*

Matar alikuja nyumbani wiki iliyofuata, mchana, baada ya watu kutoka sala ya Ijumaa, kanzu yake imepigwa pasi na udi. Alikuwa mtu wa kwanza kukanyaga pale tangu maziko ya Bi Shemsa, na Kheir alifurahi hata akamfutia kiti mara mbili.

"Nimekuja kukupa moyo, Bi Khamisa. Unafanya jambo la kheri."

"Ahsante."

"Ila nimesikia malalamiko kidogo. Shangazi yangu, Bi Radhiya, ni mwanachama wa siku nyingi. Wewe umepita kwa watu, kwake hujapita."

"Nimeacha kupita. Siendi kwa mtu tena."

"Si vizuri kumbagua mzee. Yuko peke yake katika nyumba kubwa ile. Mtu wa kumgongea hana." Matar alizungusha pete kidoleni. Nyumba hiyo Birikani yote iliijua. Ilikuwa ya ghorofa, ya mawe, na watu wa hoteli walikuwa wameiulizia kwa bei ya kumtoa mtu akili; Matar alikuwa mrithi pekee, na shangazi yake alikuwa amekataa kuuza mpaka atolewe humo kwa jeneza. "Kamsalimie tu," Matar alisema. "Mwombe kura. Sikwambii zaidi ya hilo."

"Na wewe unafaidika nini mimi nikimsalimia shangazi yako?"

"Mimi? Kuona mzee wangu anakumbukwa." Alinyanyuka. "Kile kiwanja nyuma ya msikiti, wananitilia saini siku ya pili ya uchaguzi, ashinde nani asishinde. Neno lao nshalipata. Lakini mimi moyo wangu ukikunjuka, nnaweza kuwaambia sikitaki tena, wampe anayekitaka. Moyo wa mtu una milango yake."

Aliaga vizuri. Harufu ya udi ilibaki chumbani.

"Anataka bibi wa watu afe," Tahiya alisema.

Kheir alikuwa akitazama sakafu. "Kwani kubisha mlango kunaua?"

"Baba."

"Nauliza tu. Mama yako kila siku anasema upuuzi. Kama ni upuuzi, kwenda kwa Bi Radhiya kuna ubaya gani? Ataomba kura, atarudi, Matar atakuwa kajipunja mwenyewe, na chumba kitajengwa. Na kama si upuuzi," alisita, "basi wanaoweka ndimu wana haki, na sisi tunaishi na kitu gani humu ndani?"

Bi Khamisa aliligeuza swali lile upande huu na upande huu, na kila upande lilikuwa na makali. Aliona njia moja tu ya kulifunga mdomo. Kesho yake, baada ya alasiri, alijifunga buibui akatoka, na alimkataza Tahiya kumfuata.

Njia nzima alijiambia hana nia mbaya. Anakwenda kuomba kura kama mgombea yeyote. Alifika mbele ya mlango mkubwa wa Bi Radhiya, wenye njumu zilizoliwa na kutu, akasimama. Kichochoro kilikuwa kimenyamaza mpaka mwisho. Alifungua mdomo apige hodi, atoe salamu kama desturi, na salamu haikutoka. Alijaribu tena. Mtu hawezi kumwombea mwenziwe amani huku moyoni anasikiliza vipi atakavyoanguka. Hapo ndipo Bi Khamisa alipojua anataka nini. Alikuwa amekiona chumba, kimepakwa chokaa, kina bomba na mlango wa kufungwa kwa ndani, na baina yake na chumba amesimama kikongwe mmoja tu ambaye hata hivyo ameshaishi.

Alibisha bila ya salamu. Alibisha tena.

Ndani kulikuwa na sauti ya makubadhi yakiburutwa, yakija. Yalikuja mpaka nyuma ya mlango yakasimama. Bi Khamisa aliisikia pumzi ya mtu, nyembamba, karibu kabisa na uso wake, upande wa pili wa ubao. Hakuna aliyeuliza nani. Pumzi ile ilikaa pale, na yake ikakaa huku, mpaka aliposhindwa akageuka akaondoka kwa haraka, buibui linamkwaza.

*

Matar alipoletewa habari, aliitangaza ziara ile yeye mwenyewe, kwa masikitiko, dukani kwake. Jioni ile ile Birikani yote ilijua kwamba mkosha amebisha kwa Bi Radhiya, na mtaa ukaanza kungoja. Dirisha la juu la nyumba ile lilikuwa limefungwa na halikufunguliwa. Muuza maziwa alisema hakupokelewa. Wanaume waliosimama kuzungumza walisimama mahali pa kuliona dirisha, na waliozungumzia mpira walizungumza wakitazama juu.

Bi Khamisa naye alingoja, ingawa alijiambia hangoji. Alifua sanduku zima la vitambaa vya kazi vilivyokuwa safi. Kila spika ya msikiti ilipokwaruza kabla ya tangazo, aliacha alichokishika. Ikawa ni tangazo la mtoto aliyeokota simu, ikawa ni tangazo la kukatwa umeme, na yeye akashusha pumzi, na hakutaka kujua pumzi ile ni ya nini. Mbaya zaidi ni jicho. Sokoni alimtazama muuza mbatata akajua urefu wa sanda yake; alimtazama Kheir anakula, akajua; akampa Tahiya mgongo wiki nzima ili asiujue urefu wake.

"Ulimwambia nini Bi Radhiya?" Tahiya aliuliza mara moja.

"Hakufungua."

"Ulipiga hodi?"

Bi Khamisa aliendelea kukunja vitambaa. Tahiya alimtazama mikono yake, akatoka nje, na tangu hapo alijipakulia chakula mwenyewe.

*

Jumapili asubuhi watu walijazana chuoni kuliko siku yoyote ya jumuiya. Walikuja kupiga kura na walikuja kuangalia kama tangazo litatolewa papo hapo. Bi Khamisa aliposimama kwenye foleni, mbele yake na nyuma yake pakawa wazi. Alipewa ishara kwa mbali, kwa kuinamishiwa vichwa. Kheir aliisoma hali akajua wameshashinda, na alikuwa amevaa koti.

Kura zilikuwa zimeanza kuingia sandukuni pale mlango ulipozibwa na mtu. Alikuwa Bi Radhiya. Alikuja kwa miguu yake, na mkongojo, amevaa buibui la zamani la kamba, anamlalamikia mtu asiyekuwapo juu ya ubovu wa ngazi za chuo.

Feni ikasikika. Halafu kuna mtu, hakujulikana nani, aliyecheka. Kicheko kikapokewa, kikaenea safu kwa safu, wanaume kwa wanawake, cheko la watu walioshikwa koo muda mrefu wakaachiwa. Walimcheka nani hawakujua wenyewe. Foleni ikajibana. Mwanamke wa nyuma alimsukuma Bi Khamisa kwa bega, bila ya kuogopa. "Songea mbele, shoga, jua kali." Mwingine alimkamata mkono, "Hujambo, Bi Khamisa, siku nyingi." Walimsalimia kweli, kwa mapenzi kabisa, kama mtu wa kawaida aliyekuwa safarini akarudi. Na yule mzee aliyeapa alipita karibu yake akielekea sandukuni, bega linakwaruza bega, wala hakukumbuka kiapo.

Bi Khamisa aliitikia salamu zote. Macho yake yalikuwa kwa Bi Radhiya. Alipomwona anaingia, kitu kilikuwa kimemwangukia moyoni, kizito, na alikifahamu mara moja kwa sababu hakikuwa furaha. Alikuwa amevunjika moyo. Aliona aibu ambayo hakupata kuiona, hata kichochoroni chini ya macho ya mafundi bati.

Kura zilihesabiwa mbele ya watu. Bi Ummy alipata nyingi, na wanaume sita wa nyumba tatu walipata zao za siku zote. Kura za Bi Khamisa hazikumfikisha popote. Mzee Kificho alizungumza juu ya ukurasa mpya, akashukuru kwamba sasa kamati ina sura ya kila aina, na wakasimama kupigwa picha ya kumpelekea mfadhili, Bi Ummy katikati. Matar alipita mbele ya Bi Khamisa akainama kidogo.

"Ulikwenda kweli?"

"Nilikwenda."

"Basi Mungu hakuandika," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Kesho ntatia saini."

Kheir alivua koti akalishika mkononi. Tahiya alikuwa ameshaondoka.

Nje, kwenye baraza ya chuo, Bi Radhiya alikuwa amekaa anapumzisha miguu. Watu walikuwa wakipita kumpa shikamoo na yeye akiwaitikia mmoja mmoja. Walipokwisha, alimwita Bi Khamisa kwa kidole. Bi Khamisa alikwenda akasimama mbele yake.

"Shikamoo, Bi Radhiya."

"Marahaba. Leo umeikumbuka." Alimtazama kutoka juu mpaka chini, bila ya haraka. "Anayekuja kuomba kura hupiga hodi, mwanangu. Hata mwizi akibisha hutoa salamu, ili asijulikane. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikusikia unavyopumua."

Bi Khamisa aliinamisha kichwa.

"Nimekupigia kura wewe," Bi Radhiya alisema. "Chumba kile wanawake wanakitaka, na mimi nakitaka. Na nimeshamwambia Kificho, nkifa anikoshe Khamisa, asije mwingine."

"Kwa nini mimi, Bi?"

"Kwa sababu wengine watanikosha tu. Wewe utaniomba na radhi."

Bi Khamisa akakaa chini pale pale, kwenye kizingiti cha chuo, mbele ya watu waliokuwa bado wakitoka. "Nnakuomba sasa hivi, Bi Radhiya. Nisamehe."

Kikongwe aliuegemea mkongojo, akanyanyuka kidogo kidogo mpaka akasimama sawasawa.

"Sasa hivi sikupi," alisema. "Ngoja kwanza niishi."